Mikono Isigande

Dada Mikono aliisoma ile barua akiwa amesimama mlangoni, na alipofika sentensi ya tatu akaketi kwenye kigoda cha kuvulia viatu. Kampuni iliyokuwa ikiwaletea intaneti ya nyaya ilikuwa inafunga huduma mtaa mzima. Nyaya zimezeeka, ilisema barua, na kuzitengeneza hakulipi. Siku ya mwisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana. Wateja wanashukuriwa kwa uaminifu wao.

Nyumba nyingine arobaini na moja za jengo lile zilipata barua hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Wenyewe walisonya, wakailaani kampuni, wakarudi jikoni kuangalia vyungu vyao. Dada Mikono peke yake ndiye aliyeshindwa kumeza chakula cha mchana.

Tusimcheke haraka. Jina la Mikono alipewa na majirani, waliomwona dirishani akichezesha vidole mbele ya kompyuta saa nzima bila kutoa sauti. Kabla hawajamuuliza, walishakubaliana kwenye ngazi kwamba dada wa watu amerukwa na akili. Kumbe alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Kiziwi aliyefika hospitali, kituo cha polisi au benki hupiga simu ya video; Dada Mikono hutokea kwenye skrini, husoma mikono ya yule kiziwi na kumsemea kwa sauti, kisha humsikiliza daktari au karani na kuyarudisha maneno kwa mikono. Ofisi yake ilikuwa stoo ya kuwekea mifagio, yenye dirisha moja. Ukuta wa nyuma aliupaka rangi ya kijivu, taa mbili akazielekeza kifuani, na kwenye msumari nyuma ya mlango alitundika shati la samawati iliyopauka, kwa kuwa mikono myeusi husomeka vizuri mbele ya nguo nyepesi.

Hakuisomea lugha hiyo darasani. Alizaliwa na wazazi viziwi, akazungumza kwa vidole kabla ya kuzungumza kwa mdomo. Katika nyumba ya watu wanne ni yeye peke yake aliyesikia, ndiyo maana jina lake la alama, ambalo viziwi wote wanaomfahamu hulitumia mpaka leo, ni vidole viwili vinavyogonga sikio. Mdogo wake ni kiziwi kama wazazi. Jina la huyo ni kidole kimoja kinachozama shavuni, pale kwenye kishimo kinachojitokeza anapocheka.

Sasa, adui wa kazi hii ni kuganda. Sauti ikikatika kidogo kwenye simu, wewe unayesikia utabahatisha neno lililopotea, mambo yataendelea. Mkono ukiganda hewani, huna cha kubahatisha. Huwezi kujua kama mtu alikuwa anaelekea kusema kifua au tumbo, jana au kesho. Dada Mikono alikuwa na waya mzuri miaka mitano, na bado kila asubuhi, kabla ya kuvaa lile shati, aliukagua waya mara tatu. Sasa waya wenyewe unaondoka.

Na si hilo tu lililomkosesha hamu ya kula. Mdogo wake alikuwa mjamzito, zimebaki wiki sita.

Ujauzito wa kwanza, miaka mitatu nyuma, mdogo mtu alikwenda hospitali peke yake asubuhi, simu ikiwa imeishiwa chaji, na kujaribu kumweleza nesi kwamba mtoto ameacha kucheza tumboni. Nesi hakuelewa. Alimpa karatasi na kalamu, akamwonyesha benchi, akaendelea na wagonjwa wenye sauti. Mdogo mtu aliandika, akaonyesha, akashika tumbo lake, akavuta koti la kila aliyepita. Alikaa pale mpaka saa tisa. Walipomwingiza chumbani, watu wanne walisogeza midomo yao juu yake kwa muda mrefu, na hakuna aliyemtazama. Alipata habari ya mtoto wake kwa maneno mawili yaliyoandikwa nyuma ya kadi ya kliniki.

Tangu siku ile alikula kiapo kwamba hataingia tena chumba cha kujifungulia bila mikono ya dada yake. Aliishi mbali, safari ya basi ya siku mbili. Dada Mikono alikuwa ameshakata tiketi ya kwenda kwake wiki tatu kabla ya tarehe, na kwa miezi yote ya kliniki walikuwa wakitumia video: mdogo mtu anaiegemeza simu kwenye meza ya daktari, dada mtu anakalimani kutoka stoo ya mifagio. Kila wiki waya haukumwangusha.

Hivyo ndivyo alivyoanza kutafuta intaneti ya simu kwa uangalifu ambao mumewe aliufananisha na wa mtu anayechagua daktari wa moyo. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtaani wanamwita Baridi, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Kampuni zilikuwa tatu, na watu walizitaja kwa picha zilizo kwenye mabango yao: Kipepeo, Ngao na Nanga. Dada Mikono aliazima ruta moja na laini ya majaribio kutoka kwa kila kampuni, akanunua daftari la mistari, akaanza kupima.

Alipima chumbani, sebuleni, stoo na jikoni. Alipima alfajiri, adhuhuri na jioni. Vipimo vya kasi peke yake havikumridhisha, kwa hiyo alimsimamisha Baridi kwenye ngazi na simu nyingine mkononi, yeye akakaa mbele ya kamera na kuhesabu kwa vidole kutoka moja mpaka ishirini, pole pole, na Baridi akaandika kila namba iliyoganda. Baridi alikuwa amejifunza alama za ukweni kwa miaka tisa na bado, kwa maneno ya shemeji yake, alizungumza kama aliyeshika bisibisi. Lakini kuhesabu mpaka ishirini aliweza.

"Kumi na saba imenikimbia," alipiga kelele kutoka kwenye ngazi siku ya nne. "Na kumi na nane ina kichwa cha mraba."

Siku ya sita alikwenda dukani kwa Nanga. Muuzaji alimweleza habari za kasi ya kupakua, jinsi filamu nzima inavyoshuka kabla maji ya chai hayajachemka. Dada Mikono alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza kuhusu kasi ya kupakia. Muuzaji alimtazama. Alisema ana miaka minne pale kaunta na hajawahi kuulizwa swali hilo. Watu wanataka vitu viwafikie, dada. Hakuna anayejali vinavyotoka.

"Mimi mikono yangu ndiyo inayotoka," Dada Mikono alimwambia.

Kufikia siku ya kumi na mbili daftari lilikuwa limejaa na ukweli uko wazi. Kipepeo ilishusha kwa kasi ya ajabu, lakini kupandisha ilikuwa taabu tupu. Jumamosi asubuhi iligandisha namba saba katika ishirini. Ngao ilikufa kila jioni bila kuaga. Nanga ilikuwa ya wastani tu katika kushusha, ila katika kupandisha hakuna aliyeifikia, kwani mnara wake ulisimama nyuma ya shule, mkabala na dirisha la jikoni. Ruta ilibidi ikae juu ya sinki, kati ya sabuni ya vyombo na kinu kidogo cha pilipili, na waya mrefu ukatoka hapo kupitia ukumbini hadi stoo. Baridi alisema wamepata mpishi mpya anayekula umeme.

Kosa lilifanyika kwenye ngazi, siku hiyo hiyo, na lilifanyika kwa tabasamu. Mwenyekiti wa kamati ya wapangaji alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu. Watu wote walimwita Mwalimu tu. Alikuwa amemwona Baridi siku kadhaa akiwa na simu na kalamu, akauliza, akaonyeshwa daftari. Macho yalimtoka. Safu za namba, saa, vyumba, wastani umepigiwa mstari kwa wino mwekundu! Aliomba ruhusa ya kupiga picha kurasa mbili. Dada Mikono, ambaye kwa miaka mitano alikuwa kichaa wa dirishani, aliona fahari, akamfungulia mwenyewe ule ukurasa wa mwisho.

Jioni ile Mwalimu aliituma picha kwenye kundi la jengo. Aliandika kwamba hakuna haja ya kila mtu kuhangaika, jirani yetu Dada Mikono amefanya kazi ya kisayansi siku kumi na mbili na jibu ni Nanga, na yeye binafsi amekwenda kununua. Watu wakashukuru. Wakatuma vidole gumba na maua. Dada Mikono aliisoma kila shukrani, na usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu barua ije, alilala fofofo. Mtu aliyeogopa kila kitu hakuwahi kufikiri kuogopa hilo.

Ijumaa saa sita mchana taa ya kijani kwenye kisanduku cha zamani ikawa nyekundu. Dada Mikono aliwasha Nanga, akahesabu mpaka ishirini, hakuna kilichoganda. Alifanya kazi mbili, moja ya benki na moja ya daktari wa macho, mikono ikatoka na kuingia safi kabisa.

Saa kumi mdogo wake alipiga. Hakuwa nyumbani. Nyuma yake kulikuwa na pazia la hospitali, na alikuwa amevaa lile gauni linalofungwa mgongoni.

Shinikizo la damu limepanda tangu jana, alieleza. Wamempima mara nne. Daktari amesema hawawezi kusubiri, mtoto atatolewa kwa upasuaji kesho saa tatu asubuhi. Atachomwa sindano ya mgongo, atakuwa macho muda wote. Nesi mkuu amekubali skrini iwekwe karibu na kichwa chake. Alieleza yote haya kwa utulivu, mikono midogo midogo karibu na kifua, namna anavyoongea akiogopa.

"Basi halitafika," alisema. "Usijaribu. Njoo kwenye skrini."

"Nitakuwepo," Dada Mikono alimjibu.

"Akitoka, kitu cha kwanza niambie kama analia. Kabla hujaniambia wa kike au wa kiume. Kabla ya uzito. Sitaki kusoma midomo ya mtu. Niambie wewe."

Dada Mikono aliinua mikono kuahidi, na hapo ndipo uso wa mdogo wake ulipovunjika vipande vya mraba, ukaungana, ukavunjika tena. Kishimo cha shavuni kilihamia kwenye paji la uso. Picha ikasimama.

Alidhani ni ruta. Alikimbia jikoni, akaigusa, akaizima na kuiwasha. Akapima. Namba ya kushuka, iliyokuwa wastani mchana, sasa ilikuwa ya kuombea msamaha. Kisha akasikia, kupitia dirisha la jikoni, muziki ule ule wa salamu ambao ruta za Nanga hupiga zinapowashwa kwa mara ya kwanza. Ulitoka ghorofa ya juu. Ukajibiwa na mwingine kutoka ghorofa ya chini. Watu walikuwa wanarudi kazini, kila mmoja na kisanduku chake kipya, na wote, nyumba baada ya nyumba, walikuwa wanakining'iniza kwenye mnara mmoja nyuma ya shule kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia.

Alikaa sakafuni jikoni. Baridi alimkuta hapo alipoingia na mkoba wake wa spana.

Baridi alisikiliza habari yote bila utani. Kisha akasema warudi kwa Kipepeo. Dada Mikono alimfungulia daftari: Jumamosi asubuhi, namba saba katika ishirini. Mdogo wake atalala amepasuliwa tumbo akitazama mikono iliyoganda. Baridi akasema basi aende kwa binamu yake, ng'ambo ya mji. Kwa binamu hajapima. Mahali asipopapima hapaamini, na kupima kunataka siku, yeye ana saa kumi na tano.

"Basi tukawaombe wazime," alisema Baridi.

Kugonga milango arobaini na moja na kuomba! Mwanamke huyu anayewasemea wengine mchana kutwa, mbele ya mahakimu na madaktari, hakuwahi kuomba hata chumvi. Lakini alivaa viatu.

Mwalimu ndiye wa kwanza. Alipoelewa, uso ulimshuka. "Nimepiga hesabu zote nikasahau kugawanya," alisema, akavaa miwani na kuchukua ghorofa mbili za juu bila kuambiwa. Dada Mikono na mumewe wakashika zilizobaki.

Mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, alieleza habari ya mnara na wingi wa watumiaji, akaomba wazime ruta kesho saa mbili na nusu mpaka saa nne. Watu walimwitikia kama wanavyomwitikia mtu wa sensa. Mlango wa nne alikuwa mama wa mapacha, na huyo alimuuliza moja kwa moja: Jumamosi asubuhi, bila katuni, watoto hawa nitawafunga kamba? Dada Mikono akafungua mdomo kueleza tena habari ya mnara, na badala yake ikatoka habari ya benchi. Ile kadi ya kliniki. Yale maneno mawili. Hakuwa amewahi kumsimulia mtu habari hiyo kwa sauti. Aliijua kwa mikono tu. Mama wa mapacha aliegemea mlango, akasema atazima.

Kuanzia hapo aliisimulia kila mlango. Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu aliingia ndani, akachomoa waya wa umeme wa ruta yake, akauviringisha na kumpa mkononi, akisema kesho aje nao akimaliza, ili asiwe na wasiwasi naye. Jirani yake aliyekuwa anachungulia akafanya vivyo hivyo. Baridi akaenda kuleta kapu la sokoni. Lakini kijana mmoja mwenye duka la mtandaoni alisema Jumamosi asubuhi ndiyo siku yake, hawezi, samahani. Mzee mmoja akataka kuona barua kutoka hospitali. Nyumba sita hazikufunguliwa, ingawa mbili kati ya hizo televisheni ilisikika.

Saa mbili na robo usiku walikutana na Mwalimu kwenye ngazi kujumlisha. Nyaya kumi na moja kwenye kapu. Ahadi kumi na tisa. Milango sita kimya. Watano wamekataa. Mwalimu alisema hiyo ni karibu robo tatu, asilimia nzuri. Dada Mikono hakuona asilimia. Aliona nyumba kumi na moja ambazo hakuna ajuaye zitafanya nini asubuhi, na ahadi kumi na tisa za watu wenye watoto.

Asubuhi aliliweka lile kapu la nyaya chini ya kiti chake, karibu na miguu, akavaa shati la samawati. Vifungo vilimpiga chenga, Baridi akamfungia. Saa tatu kasoro dakika kumi akapiga.

Picha ilikuja safi. Aliona taa kubwa ya duara, kofia za kijani, pazia limetandwa kifuani kwa mdogo wake, na mdogo wake mwenyewe upande wa kulia, mkono mmoja umefungwa dripu, mkono mmoja huru. Jengo lote lilikuwa kimya. Hakusikia katuni wala mpira.

Kwa dakika ishirini kazi ilikwenda kama kazi. Daktari alisema watampima kama amekufa ganzi, Dada Mikono akasema kwa mikono. Mdogo mtu akajibu kwa mkono mmoja kwamba hasikii maumivu, Dada Mikono akasema kwa sauti. Daktari alisema tunaanza. Mdogo mtu alisema anahisi kama mtu anatafuta kitu ndani ya mkoba wake. Daktari alicheka alipotafsiriwa. Daktari alisema sasa utahisi tunavuta, kwa nguvu, usiogope.

Dada Mikono aliyapeleka maneno hayo. Mdogo wake aliinua mkono kuuliza kitu. Kidole kilikuwa kinatoka kwenye ngumi, macho yamefumba nusu, na hapo hapo picha ikaganda.

Alisubiri. Haikurudi. Mahali fulani juu au chini yake mtu alikuwa ameshindwa na ahadi, au hakuwahi kuahidi. Sauti ilikuwa bado inakuja, nyembamba lakini nzima: vyuma vikigusana kwenye sinia, kitu kikifyonza, daktari akisema kichwa, kisha bega, kisha haya, huyu hapa.

Kisha kimya.

"Sista," alisema Dada Mikono kwenye kipaza sauti. "Sista, mama ananiona?"

Hakuna aliyemjibu. Wote walikuwa wamegeuka upande mwingine, na alijua wamegeukia nini. Kwenye skrini mdogo wake alikuwa amelala na kile kidole chake hewani. Akaanza kuhesabu, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho kichwa chake kiliweza kufanya katika chumba kile. Moja. Mbili. Kilomita zote zile, benchi lile, wale watu wanne waliosogeza midomo. Saba. Nane. Kama hatalia, ni nani atakayemwambia, na kwa karatasi ipi? Kumi na mbili. Alikuwa na hofu kiasi kwamba hakusikia mlango wa stoo ukifunguliwa na Baridi akisimama nyuma yake. Kumi na nne.

Kikohozi kidogo. Kisha kilio, chembamba, cha hasira, kikapanda na kujaa kwenye masikio yake yote mawili.

Mikono yake ilikwenda yenyewe. Vidole viwili vikishuka mashavuni: analia. Aliisema kwa picha iliyoganda. Analia. Kidole cha mdogo wake kilibaki hewani, macho yamefumba nusu, uso haujui kitu. Analia, analia. Aliisema kubwa, mikono ikivuka ukingo wa kamera, kama watu wa kwao wanavyozungumza kutoka ng'ambo ya barabara. Hakujua kama inafika. Inawezekana kule anaonekana sanamu tu, mdogo wake akitazama mikono ya dada yake imekwama kifuani na akidhani anajua maana yake. Wazo hilo lilimtia kichaa. Akaisema tena, na tena, machozi yakimtiririka, mabega yakimwaka moto, mtoto akilia masikioni mwake na yeye akimlilia kwa mikono, mara ishirini, mara thelathini, hakuhesabu tena.

Picha ikatikisika. Ikavunjika vipande. Ikaungana.

Mdogo wake alikuwa anamtazama yeye. Nesi alikuwa ameinama na kitu chekundu kimefunikwa kitambaa, shavu kwa shavu na mama yake, na kile kishimo kilikuwa mahali pake, kimejaa machozi. Ni kushuka ndiko kulikokwama. Kupanda kulikuwa kunapanda muda wote, kila alama, kama daftari lilivyosema. Mwenye daftari ndiye aliyesahau kulisoma.

Mdogo mtu aliinua ule mkono mmoja. Akagonga sikio kwa vidole viwili, jina la dada yake.

"Nimekuona tangu mara ya kwanza," alisema. "Sasa punguza kelele, unamtisha mtoto."

Dada Mikono alishusha mikono mapajani. Alitaka kumjibu, alikuwa na mengi, lakini hakuna alama hata moja iliyokubali kutoka. Akamjibu kwa kichwa.